Utani kama kipimo cha uamilifu wa kimuundo: Radcliffe-Brown alipatia wapi, alikwama wapi?

Nguzo3 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uamilifu wa kimuundo, nadharia ya anthropolojia inayoeleza desturi kwa mchango wake katika kuudumisha muundo wa jamii, unafundishwa vyuoni kwa mifano ya visiwa vya Andaman na Wanuer wa Sudan Kusini. Mwanafunzi anakariri kwamba "jamii ni kama mwili wa kiumbe", anajibu mtihani, basi. Lakini moja ya makala mashuhuri za nadharia hii ilitokana na jambo ambalo mtoto wa Tabora au Songea hahitaji kufundishwa: utani. Mwaka 1940 F. J. Pedler alichapisha maelezo mafupi kuhusu utani wa Afrika Mashariki katika jarida la Africa. Kabla yake Henri Labouret (1929) na Denise Paulme (1939) walikuwa wameeleza desturi ya namna hiyo hiyo huko Afrika Magharibi. A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza na wakati huo profesa Oxford, alizichukua kazi hizo tatu na mwaka huo huo akaandika makala yake. Napendekeza tuijadili nadharia kwa kuipitisha kwenye utani, maana hapo nguvu yake inaonekana, na ufa wake pia.

Maneno kwanza, kwa sababu mabishano mengi huanzia hapo. Muundo, kwake, ni mtandao wa mahusiano yaliyopo kati ya watu walioshika nafasi: mume na mke, mjomba na mpwa, mtemi na raia. Watu wanakufa na kuzaliwa, mtandao unaendelea, kama ukoo unavyobaki ukoo ingawa waliokuwamo miaka mia iliyopita wote wamezikwa. Kinachobaki ukishaondoa majina ya akina fulani anakiita umbo la muundo. Uamilifu wa desturi ni mchango wake katika kuufanya mtandao huo uendelee. Tafadhali msiuchanganye na nia ya watendaji, wala na faida wanayoipata. Ukisema "uamilifu wa utani ni kuburudisha watu" umeshatoka nje ya nadharia.

Hapo ndipo anapoachana na Malinowski. Malinowski, mwanaanthropolojia mwenzake aliyefanya utafiti visiwa vya Trobriand (karibu na Papua Guinea Mpya) kati ya 1915 na 1918, alianzia kwa mtu na mahitaji yake: chakula, uzazi, usalama, utamaduni ni chombo cha kuyatimiza. Radcliffe-Brown, katika makala ya 1935, hata neno "mahitaji" hakulitaka. Aliweka "masharti ya lazima ya kuwepo" kwa jamii. Vitabu vya kiada vinawatia wote wawili kapu moja, jambo ambalo Radcliffe-Brown mwenyewe alilipinga kwa maandishi mwaka 1949.

Sasa utani. Anaufafanua kuwa ni uhusiano wa watu wawili ambao desturi inamruhusu mmoja, wakati mwingine inamlazimu, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike. Uzito uko kwenye kipande cha mwisho. Kejeli ipo kila mahali duniani. Sharti la kutokasirika ndilo linaloufanya utani uwe taasisi.

Hoja yake inaanzia kwenye ndoa. Ndoa ikifungwa, pande mbili zimeungana kwa sababu ya mke na watoto watakaozaliwa, na wakati huo huo bado zimetengana: kila upande una mali yake, makaburi yake, wazee wake. Uhusiano wenye kuungana na kutengana kwa pamoja ni wa hatari, neno dogo linaweza kuwasha moto. Njia za kuutuliza ni mbili. Ama watu wawekeane heshima kali na umbali, ama wapeane ruhusa ya kukosana adabu mpaka tusi lipoteze uzito wa tusi. Mkwe anapata njia ya kwanza, shemeji anapata ya pili. Kwa nini wasibadilishane? Kwa sababu mkwe yuko katika kizazi cha wazazi, na kizazi hicho kinadaiwa heshima. Shemeji ni wa rika. Radcliffe-Brown anataja Mwaustralia mmoja wa asili aliyemuuliza kwa nini anamkwepa mama mkwe wake. Jibu lilikuwa kwamba huyo ndiye rafiki yake mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyempa mke. Kwa hiyo kukwepana hakutokani na chuki. Ni kinga.

Na babu na mjukuu? Baba ana kazi ya kuamuru na kuadibu watoto, kwa hiyo vizazi viwili vinavyofuatana vina mvutano. Babu hana jukumu hilo, na mjukuu ndiye anayekuja kushika nafasi yake. Ndiyo maana bibi anaweza kumwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" mbele ya watu na wote wakacheka: kimuundo wamewekwa kundi moja.

Kisha anapiga hatua ya tatu, na hapa ndipo ninapotaka tubishane: anasema utani wa koo kwa koo au kabila kwa kabila ni mantiki ile ile ya mashemeji, ila imepanuliwa.

swali_tu

Mkuu Nguzo3, ahsante kwa uzi. Maswali mawili. Moja, kama utani unatuliza uhusiano wa hatari, mbona kuna makabila jirani yasiyo na utani na hayauani? Mbili, tunajuaje kwamba uhusiano ni "wa hatari"? Nisije nikajibiwa kwamba tunajua kwa sababu kuna utani. Huo utakuwa mduara.

Kalamu Nyeusi

swali_tu umegusa palepale. Nianze na la kwanza.

Radcliffe-Brown mwenyewe aliorodhesha njia nne za kufunga mafungamano kati ya makundi yasiyo ya damu moja: kuoana, kubadilishana vitu au huduma, undugu wa kuchanjia, na utani. Zinaweza kutumika moja moja au kwa kuchanganywa. Maana yake amekiri kwamba kazi moja inaweza kufanywa na desturi nne tofauti. Mwanafalsafa wa sayansi Carl Hempel mwaka 1959 alionyesha ukali wa tatizo hili kwa nadharia zote za uamilifu: ukithibitisha kwamba jamii inahitaji X, na kwamba utani unaleta X, bado hujaeleza kwa nini kuna utani, kwa sababu undugu wa kuchanjia nao ungeleta X. Kilichoelezwa ni kwamba *mojawapo* ya njia hizo itakuwepo. Hilo ni dai dogo sana kuliko linavyosikika darasani.

Mwanasosholojia Robert Merton alikuwa ameshairekebisha nadharia kwa sehemu mwaka 1949. Alitaja dhana tatu za kuacha: kwamba kila desturi inainufaisha jamii nzima, kwamba kila desturi ina uamilifu, na kwamba kila desturi ni ya lazima. Akaongeza kwamba desturi inaweza kudhuru sehemu ya jamii huku ikinufaisha nyingine, na kwamba kuna uamilifu ulio wazi kwa watendaji na ule uliofichika. Kwa haki, Radcliffe-Brown naye 1935 alisema umoja wa kiuamilifu wa jamii ni dhana ya kupimwa, na kwamba si lazima kila kitu kiwe na uamilifu. Wafuasi wake wengi ndio waliosahau sentensi hiyo.

La pili, la mduara. Dawa yake ipo: mvutano upimwe kwa ushahidi usiohusiana na utani. Angalia madai ya mahari yanayocheleweshwa, kesi za mipaka ya mashamba, ugomvi wa nani azike wapi, watoto wakae kwa nani mama akirudi kwao. Ukikuta mahusiano yenye kesi nyingi ndiyo yenye utani au kukwepana, na yasiyo na kesi hayana kimojawapo, nadharia imepata ushahidi. Ukikuta utani umejaa mahali pasipo na mgongano wa masilahi, nadharia imepata hasara, na useme hivyo.

Mzee wa Kigoda

Nimesoma bandiko la mleta uzi kwa makini. Hatua ya tatu ndiyo yenye kasoro, na kasoro yenyewe ni historia.

Utani wa shemeji unarudiwa kila ndoa inapofungwa. Ndoa ya leo inazalisha utani wa leo, kwa hiyo unaweza kuueleza kwa muundo uliopo tu. Utani wa Wasukuma na Wanyamwezi kwa Wazaramo si hivyo. Kwa nini Wazaramo? Muundo wa ukoo wa Kisukuma hauwezi kukujibu hata ukichora chati ukuta mzima. Jibu liko barabarani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Unyanyembe (eneo la Tabora) hadi Bagamoyo kwa miezi, wakipita nchi za watu, wakihitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kumzika mwenzao akifia njiani. Utani ulimpa mgeni haki: kuchukua chakula kidogo bila kuitwa mwizi, kusema ovyo bila kupigwa, kuzikwa na mikono ya mtu anayejulikana. Utani wa Wangoni na wenzao kama Wahehe unaelezwa na wenyewe kwa vita: walipigana, hakuna aliyemmaliza mwenzake, wakaanza kutaniana. Vita vya Wahehe na Wangoni vya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 si hadithi ya kale isiyo na tarehe.

Hayo yalishaandikwa mapema. Reginald Moreau, ambaye wengi wanamjua kama mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara, alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na nyingine 1944. Humo utani unahusishwa na vita na misafara.

Radcliffe-Brown aliikataa historia kwa sababu alizoziona Andaman alipofanya utafiti 1906 hadi 1908: hakukuwa na kumbukumbu, kila "historia" ilikuwa ya kubuni. Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Wasafiri waliandika kuhusu njia ya kati tangu miaka ya 1850, na wazee wa 1940 walikuwa wametembea na misafara wenyewe. Kuacha chanzo kilicho hai na kuanza kuulizia mizani ya muundo ni kosa la utafiti.

Nguzo3

Mzee wa Kigoda, shikamoo, na nakubali sehemu kubwa. Nitofautishe jambo moja tu. Alichokataa ni historia ya kukisia, ile ya kusema "desturi hii ni mabaki ya zama za kale" bila ushahidi. Historia yenye kumbukumbu hakuikataa kimsingi, ila aliiweka kando na wanafunzi wake wakaisahau kabisa.

Mfano mzuri wa anachokataa ni wa mjomba. Henri-Alexandre Junod, mmisionari wa Kiswisi, alieleza jinsi mpwa kwa Wathonga wa Msumbiji anavyoweza kuingia kwa mjomba wake akala chakula chake, hata kunyakua nyama ya tambiko na kukimbia nayo. Junod akasema hayo ni mabaki ya zama ambazo ukoo ulifuata mama. Radcliffe-Brown, katika makala ya 1924 aliyoiandika akiwa Cape Town, akajibu kwamba hakuna haja ya zama hizo. Ndugu wa tumbo moja wanahesabiwa kama kitu kimoja. Kwa hiyo upole wa mama unamfikia kaka yake, na ukali wa baba unamfikia dada yake. Mjomba anakuwa "mama wa kiume", shangazi "baba wa kike".

Waswahili wanaliona hili kwenye lugha yao. Kaka wa baba ni *baba* mkubwa au *baba* mdogo. Dada wa mama ni *mama* mkubwa au *mama* mdogo. Kanuni ya umoja wa ndugu imo ndani ya msamiati. Mjomba na shangazi ndio waliopewa majina yao peke yao, kwa sababu jinsia yao inavuka ile ya mzazi wanayemfuata, na hao ndio wanaoelezwa kwa tabia ya pekee.

Sehemu ya makosa: mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss mwaka 1945 alionyesha kwamba huwezi kueleza uhusiano wa mjomba na mpwa peke yake. Utazame minne kwa pamoja: kaka na dada, mume na mke, baba na mtoto, mjomba na mpwa. Trobriand baba ni mpole na mjomba ni mkali, kinyume cha Wathonga. Hoja ya "upole wa mama unapanuliwa" peke yake haifiki huko.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maswali ni matatu na kila moja lina njia yake. Desturi ilianzaje kati ya hawa na si wale? Jibu ni historia. Inafanya nini sasa kati ya nafasi na nafasi? Jibu ni muundo. Kwa nini watu wanaendelea kuitenda? Hapo waulizwe watu. Uamilifu wa kimuundo unajibu la pili vizuri kuliko nadharia nyingine ninazozijua. Unaharibika ukilazimishwa kujibu la kwanza.

BintiRungwe

Naomba kuleta mfano wa Rungwe, kwa sababu unaonyesha kukwepana kukijenga hadi ramani ya vijiji.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na Monica alichapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika mwaka 1951. Mpangilio ulikuwa hivi. Wavulana wa miaka kama kumi au kumi na mmoja walitoka nyumbani kwa baba wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji. Kulala ni huko. Kula bado ni kwa mama, wakizunguka nyumba hadi nyumba kwa kundi. Walioa wakiwa wakubwa, mara nyingi katikati ya miaka ya ishirini, wakaleta wake kwenye kijiji kile kile. Mara moja kwa kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa, ubusoka, ambapo wazee walikabidhi uongozi na ardhi kwa wana wao, wakuu wa rika wakiwa na miaka thelathini na kitu, na vijiji vikapangwa upya.

Wilson alipouliza sababu, jibu moja lilirudi: ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako wa rika. Hiyo ndiyo nia ya watendaji. Lakini tazameni sharti la mkwe: mke wa mtoto na baba mkwe hawatakiwi hata kuonana. Baba na mwana wakiishi ua mmoja sharti hilo haliwezekani. Vijiji vya rika vinaliwezesha, na vinatenga maisha ya ndoa ya kizazi kimoja na ya kingine. Hapo kuna tofauti halisi kati ya nia na uamilifu, ile aliyoieleza mleta uzi.

Sasa ufa. Mfumo ule ulitegemea ardhi ya kuhamahama ndani ya himaya. Ulipokuja mbuni, yaani mti wa kahawa, ambao ni wa miaka mingi na mwenye nao hataki kuuacha, na vijana wakaenda migodini wakarudi na fedha zao wenyewe, na ardhi ikabana, kupanga vijiji upya kulikosa msingi. Philip Gulliver alipoandika juu ya ardhi ya Unyakyusa mwaka 1958 kuvunjika huko kulikuwa wazi. Nadharia inayosema kila sehemu inaishikilia nyingine ilitakiwa itabiri kwamba kugusa ardhi kutaangusha kijiji cha rika. Kimantiki ingeweza. Lakini haikuwa na chombo cha kueleza *mwendo* wa kuanguka: nani anaanza kukataa, nani analipa gharama, nini kinashika nafasi. Monica Wilson aliliona hilo na kazi yake ya 1977 ni ya mabadiliko ya mahusiano ya vizazi na ya wanaume na wanawake.

swali_tu

Dada BintiRungwe, hilo la mbuni limenifungua macho. Basi ule mfano wa mwili ulishindwa hapo?

Kalamu Nyeusi

Na Radcliffe-Brown mwenyewe alijua. Katika makala ile ya 1935 anataja tofauti mbili. Kwanza, mwili wa mnyama unaweza kuupasua ukaona muundo wake hata ukiwa hautendi kazi. Muundo wa jamii unaonekana tu ikiwa inatenda. Pili, nguruwe habadiliki akawa kiboko, lakini jamii inaweza kubadilisha aina ya muundo wake bila kufa. Akaazima maneno ya Kigiriki, *eunomia* kwa jamii yenye afya na *dysnomia* kwa jamii iliyovurugika, akasema jamii iliyovurugika hujitafutia mpango mpya. Shida ni kwamba akaliacha hapo. Mwanaanthropolojia Edmund Leach ndiye aliyelivamia swali hilo 1954 kwa Wakachin wa Burma, akionyesha watu wanaoyumba kati ya mpango wa machifu na mpango wa usawa, na kwamba mizani ni picha ya kwenye kitabu cha mtafiti kuliko hali ya watu.

Na kuna jambo la wakati. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikwenda kwa Wanuer mwaka 1930 kwa ombi la serikali ya Sudan ya Waingereza na Wamisri, miaka michache tu baada ya operesheni za kijeshi dhidi yao. Kitabu chake cha 1940 kinaeleza kwa ustadi jinsi watu wasio na serikali wanavyokaa kwa utaratibu. Walou, kabila mojawapo la Wanuer, wamegawanyika Gun na Mor. Vitawi vya Gun vinagombana vyenyewe, lakini Mor wakija vinaungana. Muuaji anakimbilia kwa mzee wa ngozi ya chui, mpatanishi wa kimila, anachanjwa mkono damu itoke kabla hajala wala kunywa, kisha mzee yule anajadili fidia ya ng'ombe kama arobaini hadi hamsini. Mwanaanthropolojia Max Gluckman 1955 akasisitiza kwamba kisasi chenyewe kinaleta amani, kwa sababu unayetaka kumuua ni shemeji wa mtu wako. Ni uchambuzi mzuri. Lakini majeshi yaliyokuwa yametoka kuwapiga watu hao hayamo kwenye muundo. Ukiiacha dola nje ya chati, lazima chati ionekane imetulia.

Tanganyika nayo ilikuwa na hitaji lake. Donald Cameron, gavana kuanzia 1925, aliweka utawala kupitia wenyeji, na sheria yake ya mamlaka za wenyeji ikapita 1926. Serikali ilitaka makabila yenye mipaka na wakuu wake. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza vizuri jinsi "kabila" lilivyojengwa na pande zote mbili, watawala na wenyeji. Mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini Archie Mafeje mwaka 1971 alikwenda mbali zaidi: tatizo ni fikra ya ukabila yenyewe ambayo wanaanthropolojia waliibeba. Kwa utani hili si dogo. Unaposema "kabila A lina utani na kabila B", uliza kwanza ni koo zipi, za eneo gani, zilizopita njia ipi.

Chozi la Mkonge

Wadau, naomba kuongeza la Simba na Yanga. Magazeti yanawaita "watani wa jadi" kila mechi. Je, huu ni utani kwa maana ya Radcliffe-Brown?

Mzee wa Kigoda

Kwa sehemu tu. Kejeli ipo, kuungana na kutengana kupo: mji mmoja, familia moja, timu mbili. Lakini hakuna wajibu wa huduma. Mtani wa kweli anachimba kaburi, anaosha, anasimamia shughuli msibani, na anapolala kaburini akikataa kutoka hadi apewe chochote, familia inatoa. Shabiki wa timu nyingine hadaiwi kukuzika. Pia sharti la kutokasirika ni dhaifu, na uanachama ni wa hiari, wakati utani unazaliwa nao. Neno limepanuliwa, kama lugha ifanyavyo. Mtafiti asilifuate neno, afuate haki na wajibu.

swali_tu

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Sasa ombi la mwisho kwa mleta uzi: mtu anayetaka kuandika tasnifu ya utani msibani kwa njia hii afanyeje, hatua kwa hatua? Walimu wanasema "tumia uamilifu wa kimuundo" halafu hawasemi unaanza na nini asubuhi ya kwanza.

Nguzo3

Anza na nasaba. Njia ya nasaba ya mwanaanthropolojia W. H. R. Rivers bado ni bora, ukiichora kwa alama zinazotumika sasa: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya usawa kwa ndoa, mstari wa chini kwa watoto. Chukua angalau vizazi vitatu kwa kila kaya, uandike kila mtu kwa jina na kwa istilahi ambayo msimulizi anamwitia. Istilahi mbili ni muhimu: anayoitumia akimtaja, na anayoitumia akimwita usoni. Wanaotumia jina moja kwa watu wawili tofauti wanakuonyesha kanuni ya kundi, kama ile ya baba mdogo.

Kisha tengeneza jedwali la jozi: mkwe na mkwe, shemeji na wifi, binamu, babu na mjukuu, mjomba na mpwa, mtani wa ukoo, mtani wa kabila. Kwa kila jozi jaza mambo haya: nani anaweza kuanza, je, mwenzake anaruhusiwa kujibu au anavumilia tu, nini kinaruhusiwa, maneno, kugusa, au kuchukua mali, na mali ya kiasi gani, wapi na lini, nini kinatokea mtu akikasirika. Safu ya "anaruhusiwa kujibu" watu huisahau, nayo ndiyo inayotenganisha utani wa pande mbili na wa upande mmoja, tofauti ambayo Radcliffe-Brown aliiweka mwanzoni kabisa mwa makala yake.

Baada ya hapo nenda misibani, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mzee mmoja akihojiwa sebuleni anakupa kanuni. Kanuni ni data, lakini ni data ya kanuni. Kwenye msiba wenyewe andika nani alifika, alifika lini, alifanya nini, alilipwa nini, nani alimkaripia. Misiba mitatu haitoshi kutofautisha desturi na vituko vya mtu mmoja; lenga kumi au zaidi, mchanganye ya wazee, vijana na watoto, maana kwenye kifo cha mtoto utani mara nyingi hupungua au hunyamaza, na kunyamaza huko kunakwambia utani umefungwa na nini. Omba ruhusa ya wafiwa kabla, na usirekodi sauti kaburini bila kuruhusiwa.

Halafu tafuta visa vilivyokataa: mtani aliyekasirika, familia iliyokataa kulipa, mji ambako kazi ya mtani imechukuliwa na kamati ya mazishi au kanisa au msikiti. Visa hivyo vina thamani kuliko ishirini vilivyokwenda sawa, kwa sababu vinaonyesha mbadala aliousema Kalamu Nyeusi. Kama kamati inafanya kazi yote ya mtani na bado watani wanakuja kutania, basi huduma haikuwa uamilifu wenyewe, na utafute kwingine.

Mwisho sura ya historia iwe sura kamili. Uliza njia, vita, ndoa za kwanza, na linganisha masimulizi ya pande zote mbili za utani, si upande mmoja. Kwenye hitimisho lako usiandike "utani upo ili kudumisha amani". Andika: "Katika misiba niliyoishuhudia, utani uliwapa watu wa koo mbili zenye madai haya na haya nafasi ya kufanya kazi hii na hii bila kufikishana kwa mwenyekiti wa mtaa." Ukiiandika hivyo, msomaji anaweza kukupinga kwa ushahidi.

BintiRungwe

Nyongeza moja kwenye jedwali la Nguzo3: weka safu ya jinsia ya msimulizi. Wifi kwa wifi ni uhusiano ambao watafiti wanaume wa miaka ile waliupita haraka, na kwenye misiba wanawake ndio wanaokaa siku nyingi zaidi na maiti, jikoni na mfiwa. Ukihoji wanaume peke yao utapata nusu ya muundo.

swali_tu

Nimechukua yote. Naanza na nasaba za kaya kumi na mbili, nitarudi na jedwali.